Mto Uliokwenda Kushoto

Kwa mara ya tatu asubuhi ile Bi Liang aliirudisha video mwanzo na kuisogeza simu katikati ya meza. Hasna Vuai hakumwambia kwamba ile mara ya kwanza ilikuwa imemtosha. Alitaka kuhakikisha kwamba masikio yake hayamdanganyi, na pia alitaka mwenye simu aendelee kusema.

Hasna alikuwa mpelelezi wa polisi Unguja kwa miaka kumi na mitatu kabla hajahamia Guangzhou. Huku kazi yake ilikuwa kutafuta mizigo ya Waswahili iliyopotea baina ya ghala na bandari, na mara mojamoja kutafuta watu. Safari hii alimtafuta mtu. Mzee Kassian Namangaya wa Newala, mwenye miaka sabini na sita, ambaye ujanani alikuwa akiwapokea majeruhi wa vita vya ukombozi wa Msumbiji kwenye ukingo wa Mto Ruvuma. Novemba iliyopita alikodiwa kuwaongoza wageni wanane wa Kichina waliotoka Guangzhou kwenda kuzuru kambi, miji na viwanja vya vita vile. Wageni walirudi. Mzee hakurudi kwake.

Sostenes, mwenye kampuni iliyowapeleka, alisema mzee ameamua kubaki ng'ambo ya mpaka, Mueda, kwa ukoo wa marehemu kaka yake. Tangu hapo meseji nne zilikuwa zimeingia kwenye simu ya binti wa mzee, Abigail, anayeuza nguo za watoto kwa jumla pale mtaa wa Xiaobei, Guangzhou. Zote nne zilikuwa za maandishi. Mzee Kassian alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, na tangu anunuliwe simu alikuwa akituma sauti tu. Ndiyo sababu Abigail alikwenda kwa Hasna.

"Tazama," Bi Liang alisema. "Hapa ndipo anapoanza."

Bi Liang alikuwa muuguzi mstaafu. Baba yake alikuwa miongoni mwa wakufunzi wa Kichina waliowafundisha wapiganaji kusini mwa Tanzania, akafa bila kumsimulia mwanawe lolote. Kwa hiyo safari ile aliirekodi siku kwa siku, kila kituo, kila mti alioonyeshwa.

Kwenye video Mzee Kassian alisimama juu ya ukingo, kofia ya ukili kichwani, mto ukiwa nyuma yake. Kando yake alisimama Natalia, mkalimani wa kampuni. Mzee alisema kwa Kiswahili, taratibu, akinyoosha fimbo:

"Hapa tuliposimama ndipo tulipokuwa tukiwapokea. Kule ng'ambo ni Msumbiji. Wanaletwa kwa machela za miti. Wengine wanafika, wengine wanafia majini, tunawavuta maiti."

Natalia akageukia wageni, akasema kwa Kichina kizuri kabisa: "Anasema sasa tuko Msumbiji, kwenye uwanja wa vita wa Mueda. Kule ng'ambo ni Tanzania. Mahali hapa walikufa watu mia tatu."

Wageni walivua kofia. Mzee aliinamisha kichwa kwa adabu, akidhani wanawaomboleza watu wake. Kisha akamwinamia Natalia na kuuliza kwa sauti ndogo, "Binti, mbona nasikia unataja Mueda? Mueda si hapa." Video ikaishia hapo.

Hasna alinyanyua macho. "Pasipoti yako iligongwa muhuri wa Msumbiji?"

"Hapana. Bosi Sostenes alisema viza yetu ni ya kundi, muhuri unagongwa kwenye karatasi moja, na karatasi anayo yeye."

"Na mpaka mliuvukaje?"

"Kwa daraja. Mapazia ya basi yalifungwa. Alisema wanajeshi hawataki picha."

"Mliuona mto mlipokuwa juu ya daraja?"

Bi Liang alifikiri. "Tulisikia tu mlio wa magurudumu umebadilika."

Hasna alirudisha video nyuma kidogo akaisimamisha. Nyuma ya mzee, tawi kubwa lenye majani mabichi lilikuwa likielea mtoni. Akaiachia. Tawi likaenda polepole upande wa kushoto mpaka likatoka kwenye picha. Akachukua karatasi ya kufutia mikono na kalamu, akachora mstari.

"Huu ni Ruvuma. Maji yake yanakwenda baharini, mashariki. Ukisimama upande wa Msumbiji ukatazama Tanzania, mashariki iko mkono wako wa kulia, na maji lazima yaende kulia. Hili tawi limekwenda kushoto."

Bi Liang aliitazama karatasi muda mrefu. Hakuwa mtu wa kuelezwa jambo mara mbili. "Hatukuvuka," alisema.

"Hamkuvuka. Daraja lile lilikuwa la kijito fulani tu. Na Mueda yenyewe iko juu ya uwanda, mbali na mto. Mzee aliwaambieni kweli. Hamkuwa na masikio ya kumsikia." Hasna aliikunja karatasi akaitia mkobani. "Mara ya mwisho ulimwona lini?"

"Siku hiyohiyo. Tulikula chakula cha mchana chini ya turubai, kisha mlangoni mwa basi akatuchezea kwa fimbo, Sostenes akamsindikiza, na basi likaondoka hayumo. Natalia akasema ndugu zake wamekuja kumchukua."

"Mliwaona hao ndugu?"

"Hapana. Lakini mfuko wake ulibaki kwenye kiti." Bi Liang aliiweka sawa miwani yake. "Mfuko wa insulini. Nilimpa Natalia mkononi, nikamwambia mtu huyu hawezi kukaa hata siku moja bila dawa hii, na dawa yenyewe haitaki joto. Akasema itapelekwa kwa pikipiki. Nilipaswa kuulizia tena jioni. Sikuulizia. Jioni palikuwa na ngoma."

*

Natalia alikuwa ameacha kazi kwa Sostenes tangu Januari. Sasa aliwatafsiria wanunuzi wa simu katika mtaa wa Dengfeng, na saa sita mchana alikuwa akila kwenye mgahawa wa ghorofa ya pili, peke yake, mgongo ukiwa ukutani. Alikuwa msichana wa Iringa mwenye miaka ishirini na saba, aliyesoma Kichina kwa ufadhili wa masomo. Alipomwona Hasna anavuta kiti aliweka kijiko chini.

"Shikamoo, dada Hasna."

"Marahaba. Endelea kula. Mzee Kassian alichukuliwa na nani?"

Hakushtuka. Jibu lilikuwa limekaa tayari siku nyingi. "Na ndugu zake. Vijana wawili, kwa pikipiki."

"Pikipiki za Tanzania au za Msumbiji?"

"Za Msumbiji. Niliona namba."

"Mahali pale mtoni pana kivuko?"

"Hapana."

"Daraja?"

"Hakuna, dada, pori tu."

"Basi pikipiki hizo za Msumbiji ziliogelea." Hasna hakupandisha sauti. "Nyinyi mlikuwa upande wa Tanzania, Natalia. Nimeiona video. Nimekusikia unavyomgeuza."

Natalia alifungua mdomo kusema jambo la umri, kwamba wazee huchanganyikiwa, kwamba mzee mwenyewe alikuwa hajui amesimama wapi. Hasna alimwacha aseme mpaka akaishiwa. Kisha akaweka simu yake mezani. Meseji nne za Abigail zilikuwa zimenakiliwa humo.

"Soma ya kwanza. Kwa sauti."

"Dada, watu wanasikia."

"Soma."

"Mwanangu Abigail," Natalia alisoma, "nimefika salama kwa ndugu zetu. Mtandao wa huku ni mbovu. Msiwe na wasiwasi."

"Ya pili."

"Mwanangu Abigail, hali yangu ni njema, nasaidia kupalilia..."

"Mzee Kassian hajawahi kumwita Abigail mwanangu tangu azaliwe. Humwita Mama. Aliyeandika hakulijua hilo. Na aliyeandika anaweka mkato na nukta kila mahali panapostahili, kama mtu aliyefundishwa kutafsiri barua." Hasna aliisogeza sahani kando. "Simu ya mzee iko wapi?"

Natalia alianza kulia. Hasna alikuwa ameshawaona wengi wakilia mezani na hakuwa na leso ya kumpa mtu. Alisubiri.

"Chumbani kwangu," Natalia alisema. "Chini ya godoro."

"Sasa nieleze baada ya chakula cha mchana."

Alieleza akitazama meza. Mzee alikwenda kwa Sostenes akamwambia hawezi kuendelea kusimama mbele ya watu huku maneno yake yakigeuzwa uongo. Pale walipofia wenzake, alisema, mahali penyewe pana jina lake, na Mueda ina jina lake na maiti wake. Sostenes alimwambia akapande basi. Mzee hakupanda. Alisimama mlangoni mwa basi, mbele ya wageni, akawa anagonga ardhi kwa fimbo na kusema Tanzania, Tanzania, kisha ananyoosha fimbo mtoni na kusema Msumbiji. Wageni wakadhani anawaonyesha mchezo wa kivita. Wakapiga makofi, wakampiga picha.

"Na wewe ukawatafsiria nini?"

"Kwamba anawaaga."

Sostenes alimshika mzee mkono kwa upole, wageni wakitazama, akampeleka nyuma ya kichuguu kikubwa. Huko akamnyang'anya simu, ambayo baadaye alimpa Natalia. Akamwambia akae apoe kichwa, jioni dereva atamfuata. Kutoka pale mpaka barabarani palikuwa na mwendo wa saa mbili kwa kijana. Ilikuwa Novemba, kabla ya mvua, na jua la kule mwezi huo huchoma hata chini ya kivuli.

"Jioni dereva alikwenda?"

"Sostenes alisema kesho. Alisema akilala na njaa atakuwa na adabu."

"Na mfuko wa dawa?"

"Nilikuwa nao. Nilimwonyesha Sostenes. Akasema wazee wetu wanatibiwa kwa mizizi."

"Mlikwenda saa ngapi?"

"Saa tatu asubuhi. Wageni walikuwa sokoni. Tulikwenda mimi, Sostenes na dereva, kwa pikapu." Natalia alijifuta kwa kiganja. "Hakuwa nyuma ya kichuguu. Alikuwa ametambaa kufuata alama za matairi ya basi. Magoti yamechubuka mpaka yameiva. Alikuwa hai, dada. Alinijua. Aliniita binti, akaniomba maji."

"Ukampa?"

"Nilimpa, akayatapika. Nikasema twende hospitali Newala. Sostenes akasema hospitali wataandika, na wakiandika wataulizia wageni, na wageni watajua hawakuvuka. Akasema tukae kidogo tuone."

"Mkakaa."

"Tukakaa. Kwenye kivuli cha pikapu. Sostenes alikuwa akiongea na simu, anahesabu viti vya safari ya Januari."

"Muda gani?"

"Saa moja na nusu."

Hasna aliandika: saa nne na nusu asubuhi. "Mlimzika wapi?"

"Nyuma ya kichuguu. Hatukuweka alama. Lakini Januari tulipeleka kundi la pili, na mgeni mmoja akaona udongo umeinuka, akauliza ni kaburi la nani. Sostenes hakusita hata kidogo. Akasema hapo amelala shujaa asiyejulikana. Wageni wote wakapiga magoti. Mama mmoja akalia sana. Wakachanga, wakasema lazima awekewe jiwe. Niliporudi Guangzhou nikaacha kazi."

"Ukaacha kazi, ukabaki na simu. Meseji ya nne ni ya Februari."

 Hasna alimpa karatasi tatu na kalamu, akamtaka ayaandike yote kwa mkono wake, mwanzo mpaka mwisho, tarehe na saa, na kutia sahihi kila ukurasa. Mwenye mgahawa akatia sahihi kama shahidi. Kisha wakaenda pamoja kuichukua simu ya mzee chini ya godoro. Kwenye mfuniko wake wa plastiki palikuwa na picha ya Abigail, ya ubatizo.

"Jiwe lilichongwa?" Hasna aliuliza mlangoni.

"Ndiyo. Liko Huangpu. Linapakiwa leo."

*

Ghala lilikuwa nyuma ya bandari ya Huangpu, kontena moja likiwa limefunguliwa milango na vibarua wawili wakiingiza matairi. Sostenes alisimama pembeni ya kasha la mbao, karatasi za wakala mkononi, shati jeupe, viatu safi. Alikuwa mtu wa kucheka na kila mtu, na alimchekea Hasna tangu mbali.

"Bi Hasna, karibu. Leo nani kapoteza mzigo?"

"Abigail. Anamtafuta baba yake."

"Mzee yuko Mueda anakula mihogo. Nilishamwambia yule binti amwache mzee apumzike."

"Umempeleka Mueda kwa njia gani?"

"Kwa daraja la Mtambaswala, kama watu wote. Karatasi ninazo."

"Nionyeshe."

"Ziko ofisini Dar." Alisema bila kupepesa. "Una haraka gani?"

Hasna alilitazama kasha. Ubao wa juu ulikuwa bado haujapigiliwa. Aliuvuta, na Sostenes hakumzuia, kwa kuwa mtu anayezuia huonekana ana kitu. Ndani, juu ya majani makavu, lilikuwa jiwe la granite nyeusi iliyosuguliwa mpaka uso wa mtu ulionekana. Maandishi yalikuwa ya dhahabu, Kichina juu na Kiswahili chini: HAPA AMELALA SHUJAA ASIYEJULIKANA. ALIUFIA UHURU, 1972.

"Zuri," Hasna alisema. "Kazi ya wapi?"

"Fujian. Wageni ndio waliochanga. Wana moyo sana hawa watu, wanapenda kuheshimu historia."

"Huyu shujaa alikuwa akijichoma insulini mara ngapi kwa siku?"

Cheko lilibaki usoni kwa muda, kama taa iliyosahauliwa kuzimwa, kisha likatoka. Sostenes aliwatazama vibarua, hawakujua Kiswahili. Akasogea karibu.

"Umezungumza na Natalia."

"Nimezungumza na mto. Natalia alimalizia."

"Basi nisikilize, dada yangu. Yule mzee aliuawa na sukari. Sukari si mimi. Angefia nyumbani kwake angezikwa kwenye shamba la mihogo, akae na msalaba wa mti, mchwa waule mwaka mmoja. Mimi nimempa granite. Watu wanatoka China kuja kumpigia magoti. Nani katika ukoo wao amewahi kupata hilo?"

"Alitambaa usiku kucha."

"Alikuwa mbishi." Alisema hivyo kama mtu anayeeleza kasoro ya bidhaa. "Ningemwacha awaharibie watu safari waliyoingoja mwaka mzima? Yule Bi Liang alilia pale mtoni, akasema amemwona baba yake. Ungemwambia nini? Kwamba kalilia ukingo usio wake?"

"Nimekwisha kumwambia. Leo asubuhi."

 Sostenes akapanga karatasi zake. "Huna mamlaka hapa. Si askari tena. Natalia akisema lake, mimi nina langu, na dereva atasema langu."

"Kweli, sina mamlaka." Hasna alilipiga jiwe picha mbili, akaurudisha ubao mahali pake kwa mikono yake mwenyewe. "Unaondoka lini?"

"Keshokutwa. Nina wageni kumi na wawili."

"Usikose ndege," Hasna alisema.

Alisubiri mpaka kasha lilipoingizwa, kontena likafungwa na kutiwa lakiri. Akaandika namba ya lakiri. Ndani ya teksi alizipiga picha karatasi za Natalia, zote tatu, akazituma kwa ofisa aliyemfahamu kwenye ubalozi mdogo wa Tanzania, na kwa Elisante, mpelelezi wa Mtwara aliyesoma naye chuo cha polisi. Akaongeza video ya Bi Liang, maelezo ya kichuguu, siku ya Sostenes kuondoka na namba ya lakiri. Elisante alijibu kabla teksi haijaiacha barabara ya bandari. Aliandika kwamba kesho asubuhi angekwenda mahakamani kuomba amri ya kufukua, na kwamba keshokutwa angekuwa uwanja wa ndege wa Dar mwenyewe. Yule dereva wa pikapu, mtu wa Newala, Elisante alikuwa anamjua. Angeanza na huyo.

*

Abigail alikuwa akipanga soksi za watoto kwa dazeni, akizifunga kwa raba. Saa ilikuwa kumi jioni. Alimwona Hasna kwenye korido akaacha kupanga, lakini hakusimama.

Hasna alivuta shutaa nusu, akakaa juu ya robota. Hakuzunguka. Miaka kumi na mitatu ilikuwa imemfundisha kwamba anayezunguka anajihurumia mwenyewe.

"Baba amekufa, Abigail. Tangu Novemba. Hakuvuka mpaka. Yupo upande wa kwetu, karibu na mto, na nimejua mahali alipozikwa."

Abigail alishika fungu la soksi kwa mikono miwili. "Mimi ndiye niliyempeleka kwa Sostenes," alisema. "Nilimwambia ana kipaji cha kusimulia, aende akasikilizwe."

"Najua."

"Alikufa palepale?"

"Hapana."

"Alikaa muda gani?"

Hasna alimtazama. Angeweza kusema muda mfupi. Lakini maelezo yangesomwa mahakamani, na binti angekuwa amekaa benchi la mbele. "Waliondoka saa nane mchana. Alikufa kesho yake saa nne na nusu."

Abigail alihesabu kwa midomo bila sauti, akafika mwisho, akaanza tena. Hakulia. Aliuliza kama baba yake alikuwa na maji. Hasna akamwambia. Aliuliza nani aliandika zile meseji. Hasna akamwambia. Aliuliza kama alikuwa akimwita mtu.

"Aliomba maji tu. Hakumtaja mtu mbele yao."

"Asingewapa jina langu," Abigail alisema.

Akachukua simu yake, akatafuta namba ya Newala, akafungua spika. Kule ilikuwa saa tano asubuhi. Mama yake alipokea mlio wa kwanza, na sauti yake ikajaza duka lile dogo. Alikuwa kwenye furaha ya mtu ambaye hapigiwi mara kwa mara. Alisema amepaka chokaa chumba cha mzee, kwamba kuku wa mzee wamefika kumi na mmoja, kwamba amemwekea kofia mpya, na je, amesema anarudi kabla ya Pasaka au baada?

Abigail alimkabidhi Hasna simu, mkono wake ukiwa umenyooka kabisa.  

"Mwambie wewe, dada. Mimi siwezi."

Hasna alipokea. Upande wa pili mama alikuwa akiuliza kama simu imekatika, akicheka.

"Shikamoo, mama," Hasna alisema. "Mimi ni rafiki wa Abigail. Uko na nani hapo nyumbani?"

"Marahaba, mwanangu. Niko peke yangu."

"Naomba umwite jirani kwanza," Hasna alisema. "Nitasubiri."

Mama aliacha kucheka. Wakamsikia akiiweka simu juu ya kitu cha bati, wakasikia ndara zake zikitoka uani, na sauti yake ikiita jina la mwanamke, mara moja, kisha mara ya pili kwa nguvu zaidi.